Ziwa la Siku ya Saba

"Nani kaandika hapa? Nakuuliza wewe, nani kaandika..."

"Shangazi, ngoja kwanza..."

"Singoji! Siku ya saba, hapa, nani..."

"Nimeshakwambia ni mimi, sasa ukinikatiza kila nikifungua mdomo..."

"Nakukatiza? Wewe umemkatiza mtu maisha yake, mimi nikikukatiza sentensi unalia!"

Alikuwa amesimama nyuma ya meza yake, pasipoti mkono mmoja, barua ya ubalozi mkono wa pili, miwani imemshuka hadi ncha ya pua. Huyu ni shangazi yangu, dada yake baba, mwenye ofisi ya kujaza fomu za viza, ghorofa ya tatu, kati ya daktari wa meno na mtu anayeuza nywele za bandia. Jengo zima linamwita Bi Muhuri kwa sababu hakuna karatasi inayopita mbele yake isigongwe. Nimewahi kumwona akigonga muhuri orodha ya vitu vya sokoni. Mimi wananiita Nusu Digrii. Nilisoma jiografia miaka miwili na nusu, halafu mimi na chuo tukaachana, na mpaka leo kila mmoja anasema ni yeye aliyemwacha mwenzake.

"Soma," akanisukumia ile barua. "Soma kwa sauti, Profesa."

Nikasoma. Mwombaji ametoa maelezo ya uongo kuhusu safari yake, ikiwa ni pamoja na mahali pasipokuwapo. Ombi limekataliwa. Mwombaji hataruhusiwa kuomba tena kwa muda wa miaka kumi. Uamuzi huu haukatiwi rufaa.

"Mahali pasipokuwapo," Shangazi akarudia. Sauti ilikuwa imeshuka, na Shangazi akishusha sauti, ni heri angepiga kelele. "Miaka miwili nagonga muhuri juu ya ratiba hii. Hili ziwa ni ziwa gani?"

"La kutunga."

"La ku nini?"

"Nililitunga, Shangazi. Halipo."

Akakaa. Kiti kikalia chini yake, na kwa mara ya kwanza hakukitukana.

Niwaeleze. Mtu akiomba viza ya utalii, haendi tu ubalozini akasema nataka kutembea. Anatakiwa apeleke ratiba, siku kwa siku: leo nitalala wapi, kesho nitaona nini, keshokutwa nitapanda nini. Hiyo ndiyo kazi yangu. Sijawahi kupanda ndege, hata pasipoti sina, lakini nimewapeleka watu kwenye volkano zinazotokota, nimewapandisha milima ya barafu, nimewalaza jangwani chini ya mahema, yote hayo nikiwa juu ya kiti ambacho mguu wake mmoja umewekewa kipande cha boksi. Kuta za ofisi zimejaa picha kubwa za mahali pa ajabu. Korongo, maporomoko, mchanga, theluji. Jua la dirishani limezipiga miaka mingi, siku hizi barafu na jangwa zina rangi moja, kama chai iliyoachwa.

Sasa, siku moja ya mvua, miaka miwili iliyopita, Shangazi alinikuta nimesinzia mbele ya mteja akaniita gogo. Nikanuna. Nilikuwa naandika ratiba ya nchi moja ya kaskazini kabisa, ile tunayoitumia kwa kila mteja wa huko, unabadilisha jina na tarehe, basi. Nikafika siku ya saba. Nikasema hebu nimpime huyu anayejifanya anasoma kila kitu kabla ya kugonga. Nikatunga ziwa. Jina nikalitoa kichwani, nikalipachika herufi mbili zenye vinukta juu ili lionekane la huko huko. Shangazi akagonga muhuri. Ubalozi nao wakagonga wa kwao. Nilicheka peke yangu mpaka daktari wa meno akachungulia kuuliza nani anaumwa.

Nilitaka kulifuta wiki ile ile. Halafu nikaona, aa, linamdhuru nani? Watu arobaini na kitu walikwenda na ziwa langu mkobani wakarudi, na hakuna hata mmoja aliyekuja kulalamika kwamba hakulikuta. Watu hawasomi ratiba zao. Maafisa ndio kabisa.

Mpaka alipokuja Fundi Lifti.

Alikuja miezi mitatu iliyopita, ameshikwa kiwiko na binti yake. Binti ni mwalimu wa chekechea na kazi imemwingia mwilini: anaongea na watu wazima polepole, kwa sauti kubwa, kana kwamba anatuomba tukanawe mikono. "Huyu ni baba yangu," akatuambia. "Baba anataka kusafiri. Sivyo, Baba?" Mzee akanikonyeza. Tukawa marafiki hapo hapo.

Miaka arobaini ametengeneza lifti. Maisha yake yote yamepita ndani ya yale mashimo marefu, tochi kichwani, kamba na grisi, ukuta mbele ya pua na ukuta nyuma ya kisogo. "Kupanda na kushuka kwangu ukikujumlisha unafika mwezini," alisema, "na bado sijaenda popote." Alipostaafu, mafundi wenzake wakamkatia tiketi ya ndege kama zawadi. Nchi ya kaskazini, kwenda na kurudi, siku kumi na mbili. Tarehe haibadilishwi, jina halibadilishwi. Walimwuliza anataka kwenda wapi, akawaambia: mahali ambapo nikitazama, macho yasigonge kitu.

Macho nayo yana habari yake. Yanafunga. Hayafungi kwa mbele, yanafunga pembeni, kila mwezi anaonea katundu kadogo zaidi. Daktari wa macho alimpa mwaka mmoja, ukizidi sana. "Kama mlango wa lifti," akatueleza, akivuta viganja viwili taratibu mbele ya uso hadi vikakaribia kugusana. "Huku na huku. Halafu kengele inalia, umefika." Akacheka. Binti yake akageukia ukutani akaanza kusoma picha ya jangwa, ambayo haina maandishi.

Ana namna yake ya kupima. Ananyoosha mkono kando ya sikio, anatikisa vidole, anausogeza mbele mpaka avione. Siku ile ya kwanza aliviona vilipofika usawa wa shavu.

Nikampangia ratiba ile ile. Tofauti ni kwamba yeye aliisoma. Aliisoma pale pale, karatasi imekaribia kugusa pua, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Maporomoko akayapita. Kutembea juu ya barafu akakupita. Akafika siku ya saba akasimama.

"Hili ziwa likoje?"

Mtu mwenye akili angesema, mzee, hilo tuliondoe. Mimi nikasema, "Ni kubwa."

"Kubwa vipi?"

"Ukisimama huku, ng'ambo huioni."

"Lina miti?"

"Hata mmoja."

"Milima?"

"Iko mbali sana, kama imechorwa kwa penseli."

"Na ukiita," akauliza, "sauti inarudi?" Shimoni, akanieleza, sauti yako inakurudia kila mara. Ukikohoa, unakohoa mara tatu. Miaka arobaini hajawahi kusema neno likaenda moja kwa moja.

"Hairudi," nikamwambia. "Ukiita, inakwenda hivyo hivyo."

Basi ikawa kila Jumatano anakuja kufanya mazoezi ya usaili. Mimi huwa afisa wa ubalozi. Navaa miwani ya Shangazi, naongea kwa pua, nawauliza wateja maswali ya kuudhi mpaka wazoee. Kanuni yetu ni moja: usiseme nakwenda kutembea tu, taja mahali, taja siku, sema kwa nini. Na yeye akiulizwa kwa nini, alikuwa anataja lile ziwa, na macho yale yanayofunga yanawaka. Akimaliza mazoezi ananiomba nimwongezee. Nikamwongezea mchanga mweusi. Nikamwongezea benchi la mbao ambalo hakuna anayejua nani aliliweka. Nikamwongezea farasi watatu weupe, wafupi, wanaokuja kunywa maji jioni. Mara mbili nilifungua faili nilifute, nikaweka kidole kwenye kitufe, nikaondoa. Nisiwadanganye, nilikuwa naona raha. Hakuna mtu aliyewahi kunisikiliza vile, si chuoni, si nyumbani.

Usaili ulikuwa wiki mbili zilizopita. Alirudi moja kwa moja ofisini kwetu, kapanda ngazi zote, anahema na kucheka.

"Afisa ni mwanamke, mgeni kwenye kituo," akasema. "Ananiuliza siku ya saba. Nikampa! Nikampa mchanga, nikampa benchi, nikampa na farasi. Mama wa watu ananikodolea tu. Mwishoni ananiambia, mzee, mimi nimezaliwa bonde hilo hilo, baba yangu alikuwa akichunga kondoo hapo, hakuna ziwa."

"Ukamjibuje?" nikauliza.

"Nikamwambia, labda ulikuwa mdogo."

Shangazi alicheka siku ile mpaka akavua miwani akajifuta machozi, maana alidhani ni afisa anayemtega mteja. Mimi nilikwenda chooni nikafungua bomba nikasimama hapo. Wiki mbili zile sikusema kitu. Nilijiambia labda yule afisa atasahau. Labda atahamishwa tena. Niliomba Mungu amhamishe mtumishi wa serikali ya watu wengine, fikiria.

Na leo Jumatano, barua hii. Ndege ni Jumamosi.

"Mzaha mzaha hutunga usaha," Shangazi akasema pale kitini. Alikuwa hanitazami. "Kila siku nakwambia. Umemwekea chumvi daktari wa meno kwenye chai, sawa. Umewabandikia watu wa nywele tangazo la kununua nywele za kifuani, sawa, tuliomba radhi. Hili sasa tunaomba radhi kwa nani?"

"Naandika barua ubalozini. Naeleza kwamba mzee hajui lolote, ni mimi."

"Andika."

Nikashangaa. Nikavuta kiti.

"Andika," akasema tena, "halafu ukimaliza ugeuze ukurasa wa mwisho wa fomu yake."

Nikageuza. Chini kabisa palikuwa na mstari ninaowaonyesha wateja wote mahali pa kuweka sahihi, kwa kalamu, haraka haraka, weka hapa mzee, na hapa. Nimesoma maelezo yote na ninathibitisha kuwa ni ya kweli. Sahihi ya Fundi ilikuwa imeanza kwenye mstari na kuishia nje yake.

"Ukisema hakujua, wanakujibu mbona alithibitisha," Shangazi akasema. "Na ukisema ratiba ni yako, watazitoa zote ulizoandika. Arobaini na ngapi?"

"Sita."

"Arobaini na sita. Kuna yule dada aliyekwenda na mtoto mgonjwa. Kuna wale waliooana. Utawaponza wote, na huyu mzee hatapanda ndege."

"Kwa hiyo tukae kimya?"

"Nimesema tukae kimya? Mimi nimesema hivyo?" Akapandisha tena sauti, na mimi nikapandisha yangu, nikasema wewe je, muhuri wako uko pale, mkubwa, rangi ya zambarau, uligonga bila kusoma, akasema usinitie shimoni na wewe, nikasema tumo wote, akasema laiti ningemwambia kaka yangu mtoto wake akauze karanga. Nilikuwa nimeshapiga simu ubalozini mara tatu asubuhi ile. Kila mara sauti ya mashine ilinishukuru kwa kupiga.

Tukanyamaza wakati mmoja, kwa sababu tulisikia mtu anapanda ngazi.

Fundi unamjua kwa hatua zake. Anapanda, anasimama kila ghorofa, anagonga kidogo mlango wa lifti yetu iliyokufa, anasikiliza, anaendelea. Shangazi akailaza barua mezani, uso chini, akaiwekea kiganja juu.

Aliingia amevaa koti. Si koti la kawaida. Koti zito la baridi, la rangi ya majivu, lenye manyoya kwenye kola, linamfika magotini. Nje jua lilikuwa linakaanga lami. Jasho lilikuwa linamtoka chini ya kofia, linapita nyuma ya masikio, linaingia kolani.

"Binti kasema nizoee kulivaa," akasema, akitafuta kiti kwa mkono. "Kasema nikifika kule sitakuwa na muda wa kujifunza vifungo. Watoto kwenye basi wamenikimbia. Habari za hapa?"

"Nzuri, mzee," Shangazi akasema. "Karibu. Vua basi hilo koti upumzike."

"Nikilivua sitaweza kulivaa tena, mama. Nimefungwa nalo." Akakaa. "Kijana yupo?"

"Nipo, mzee." Nilikuwa mita moja kutoka kwake, upande wa kushoto.

Akageuza kichwa chote ili anipate. "Ooh. Umejificha pembeni, pembeni mimi sina tena." Akacheka. "Unajua binti yangu amefanya nini? Amewaambia watoto wake wa chekechea. Babu anakwenda ziwani. Wamechora. Watoto ishirini na nane, wote wamechora lile ziwa, amebandika ukuta mzima. Mmoja kaweka mamba. Nikamwambia, mwambie hakuna mamba kule, ni farasi tu."

Shangazi alinitazama. Ni jicho ninalolijua tangu utotoni, jicho la kusema wewe uliyevunja ndiye utakayeokota.

"Fundi," Shangazi akaanza, kwa ile sauti yake ya ofisini, "kuhusu ombi lako, ubalozi umetujibu, na kama unavyofahamu, uamuzi wa viza uko mikononi mwa..."

"Ziwa halipo," nikasema.

Sikupanga. Lilitoka lenyewe.

Akageuka tena, kichwa kizima, taratibu. "Limekauka?"

"Hapana, mzee."

"Maana siku hizi hali ya hewa..."

"Halikuwapo. Nililitunga mimi. Ulikuwa utani, kabla hujaja hapa, nilikuwa nataka kumcheka Shangazi. Yule afisa alisema kweli. Wamekataa kwa sababu hiyo. Wamesema umedanganya. Ni mimi niliyedanganya, lakini wameandika wewe."

Chumba cha jirani mashine ya daktari wa meno ilianza kulia, ikalia, ikanyamaza. Fundi alikuwa ameweka mikono juu ya magoti, juu ya lile koti. Tone la jasho lilikuwa linaning'inia kwenye kidevu.

"Na farasi?" akauliza.

"Nao hawapo."

"Wote watatu?"

"Wote, mzee."

"Benchi je? Benchi kitu kidogo. Benchi mtu anaweza kuweka popote."

Shangazi akajibu badala yangu, kwa upole ambao sikujua anao. "Hakuna benchi, kaka yangu."

Nilikuwa nangoja anipige. Nilikuwa nimesogea karibu makusudi, upande wa mbele, ili asihangaike kunitafuta. Hakunipiga. Alinyoosha mkono kando ya sikio, akatikisa vidole, akausogeza mbele. Ukapita sikio, ukapita shavu. Ukafika karibu na ncha ya jicho kabla hajasimama. Nikajua miezi mitatu imekwenda wapi.

"Naweza kuomba tena?"

"Baada ya miaka kumi," Shangazi akasema.

"Kumi." Akatikisa kichwa kama mtu aliyetajiwa uzito wa mzigo wa mwingine. "Lifti nzuri haidumu hiyo."

Shangazi akaanza kuongea haraka. Kuna nchi hazitaki viza, mzee, kuna kusini kuna milima, kuna visiwa, mimi nitakupangia mwenyewe kwa mkono wangu, huyu hatagusa hata kalamu. Lakini alikuwa anajua, na mimi nilikuwa najua, na nadhani hata Fundi alikuwa ameshajua. Tiketi ilikuwa ya kaskazini, ya Jumamosi, ya jina lile. Tiketi nyingine hakuna. Mafundi wenzake wameshastaafu na wao, au wamekufa. Na kila fomu duniani ina lile swali, umewahi kunyimwa viza, eleza, na huwezi tena kumdanganyia mtu ambaye ameshaandikwa mwongo.

Akamsikiliza mpaka mwisho. Ana adabu ya watu waliofanya kazi na mashine, huziingilii kabla hazijamaliza.

"Nashukuru, mama," akasema.

"Basi nimpigie binti yako," Shangazi akasema, ameshika simu. "Hili jambo si la wewe kumpelekea peke yako. Namweleza mimi, namwambia kosa ni letu, aje atutukane hapa hapa..."

"Usipige!"

Hatukuwahi kumsikia akipaza sauti. Hata mwuza nywele alikohoa upande wa pili wa ukuta. Shangazi akaweka simu chini kana kwamba imemwunguza.

Fundi akavuta pumzi. Akaanza kufungua vifungo vya lile koti, kimoja kimoja, kwa vidole vinavyoona kuliko macho, na huku anaongea na vifungo.

"Tangu daktari aseme yale, mwanangu alikuwa anakwenda bafuni usiku. Anafungua maji, anadhani sisikii. Mimi macho ndiyo yanafunga, masikio yapo. Kila usiku, maji, maji. Bili ya maji ikaja, akasema bomba linavuja." Kifungo kingine. "Halafu likaja hili la safari. Akaanza kushona mifuko ya ndani. Akaenda kutafuta soksi. Akawa anaimba, na hana sauti, Mungu amsamehe, anaimba kama mnyororo usio na grisi. Bafuni haendi tena. Miezi mitatu hajaenda. Anasema Baba angalau utakuwa umeona. Angalau. Kila siku anasema hiyo angalau, kama mtu anayepiga mswaki."

"Mzee," nikasema, "nisamehe."

Alifika kifungo cha mwisho, akakiacha.

"Nikimpelekea barua ile, namrudisha bafuni," akasema. "Safari hii hatatoka."

Shangazi alikuwa ameshaanza kulia, ile ya kimya, machozi yanateremka tu yakipita chini ya miwani, na hakujisumbua kuyafuta. Alikuwa ameshika barua kwa mikono miwili. Nadhani angeweza kuila kama ingesaidia.

"Tufanye nini, kaka yangu? Sema. Hata kama ni kutushitaki, sema. Mimi nitakupa na karatasi yenye muhuri."

Fundi akafikiri. Dirishani basi lilipita, vioo vikatetema, picha moja ya maporomoko ikalegea kona yake ya juu, ikajikunja. Kisha akageuza kichwa kunitafuta, akanikuta, akanikazia kale katundu kake kote.

"Kijana. Wewe unaishi wapi?"

"Mimi? Mtaa wa nyuma, mzee. Kule mbele ya kituo cha mafuta."

"Na nani?"

"Peke yangu. Chumba kimoja."

"Kina dirisha?"

"Kina dirisha dogo. Linatazama ukuta."

"Ukuta nimeuzoea. Majirani wanakujia jia?"

"Hapana. Wananiogopa, mzee, nilishawafanyia mambo."

"Vizuri." Akatikisa kichwa mara mbili, taratibu, kama fundi aliyekwisha kuona tatizo liko wapi na sasa anachagua bisibisi. Shangazi alinitazama, mimi nikamtazama Shangazi, hakuna aliyeelewa.

"Jumamosi binti yangu atanisindikiza uwanja wa ndege," akasema. "Wasindikizaji wanaishia mlango wa nje, nimeuliza. Atalia kidogo, atapunga mkono, atarudi kwa watoto wake. Mimi nitaingia mlango mmoja na kutokea mwingine. Hapo ndipo uje unichukue, na koti langu na sanduku langu." Akanyoosha mkono hewani, akaukuta mkono wangu, akaushika. Kiganja chake kilikuwa cha moto na kimelowa. "Naomba unifiche chumbani kwako siku kumi na mbili."